Dania Inaozea Kwenye Gazeti: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Viungo vya Majani

Tangu mvua zianze, barua zinazoingia kwenye safu hii zinanukia dania. Tumechagua chache kutoka Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na Vihiga, tukaacha zile zinazouliza jambo lile lile kwa maneno mengine.

Kila Jumapili nikitoka kanisani napitia soko la Kibuye, nanunua mafungu matatu ya dania ya kutumia wiki nzima. Nayakunja kwenye gazeti na kuyaweka chini kabisa ya friji. Ikifika Jumatano majani ya nje yamekauka, na katikati kumegeuka uji mweusi unaonuka. Vipi kitu kimoja kikauke na kuoza kwa wakati mmoja? — Mama wa nyumbani, Kondele, Kisumu

Inawezekana, mama, na yote mawili yanaanzia kwenye lile fungu lenyewe. Lifungue moja ulitazame kwa karibu. Pale uzi ulipokaza, mashina yamepondeka na majani yamelaliana. Muuzaji naye amekuwa akiyanyunyizia maji tangu asubuhi yasinyauke, na maji hayo yametiririka yakatuama hapo hapo kwenye uzi. Jani lililopondeka, likalowa, likakosa hewa, ni karamu ya bakteria. Siku mbili tatu unapata ule uji. Majani ya nje yana shida ya kinyume: gazeti kavu linayanyonya unyevu, na hewa ya friji ambayo pia ni kavu inamalizia kazi.

Ujue kwamba dania iliyong'olewa bado iko hai. Inapumua, inatumia sukari iliyobaki ndani yake na inapoteza maji. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Fungu lililozunguka nawe mjini kwa saa tatu kwenye joto la nyuzi 30 limekwisha kuzeeka kabla halijauona mlango wa friji. Kwa hiyo dania iwe kitu cha mwisho kuingia kikapuni, na ukipata lenye mizizi, chukua hilo.

Ukifika nyumbani fungua uzi kabla hujavua viatu. Tandaza dania mezani, ondoa kila jani la njano, jeusi au lililolainika, kwa sababu moja likibaki litaozesha majirani. Kama ni safi, usiioshe mpaka siku ya kuitumia. Kama ina matope, na ya msimu wa mvua haikosi, itumbukize kwenye beseni la maji baridi, itikise, kisha itoe kwa mkono. Usimwage maji pamoja nayo kwenye chujio, kwani matope yaliyoshuka chini utakuwa unayarudisha juu ya majani. Rudia mpaka chini ya beseni pabaki peupe. Halafu itandaze juu ya taulo safi kivulini kwa nusu saa, ukiigeuza mara moja. Ukigusa jani, kidole kisilowe. Wengi huharakisha hapa, na dania yao hufia hapa.

Sasa chukua chupa ya jemu, utie maji ya kimo cha sentimita 3. Kata ncha za mashina kiasi cha sentimita 1 kwa kisu kikali, kwa sababu ile ncha ya zamani imeshakauka na haipitishi maji vizuri. Nyofoa majani ya chini lisibaki hata moja ndani ya maji, kisha simamisha dania kama maua. Yenye mizizi usiikate, suuza mizizi tu. Mahali pengi utasoma kwamba uifunike kwa mfuko wa plastiki, lakini mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, wala huihitaji. Karatasi ya nailoni iliyokuja na mkate inatosha. Ivike juu kama kofia, chini iachwe wazi ili hewa ipite. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na yakianza kuwa na ukungu au harufu, yabadilishe siku hiyo hiyo. Kwa njia hii dania nzuri hukaa siku 10 hadi 14 kwenye friji yenye nyuzi 4.

Kama rafu za friji yako ni fupi na chupa haisimami, tumia mkebe wowote wenye kifuniko, hata ule wa aiskrimu wa lita 2. Tandika kitambaa kikavu cha pamba chini, panga dania bila kuishindilia, funika kwa kitambaa kingine, ufunge. Vitambaa vikilowa, badilisha. Hapo utapata wiki moja, pengine siku kumi.

Na ile sehemu uliyokuwa ukiiweka? Chini kabisa, hasa ikigusa ukuta wa nyuma, majani hushikwa na barafu. Jani lililoganda huwa kama kioo, na likiyeyuka huwa jeusi. Iweke rafu ya katikati, upande wa mbele. Usiiweke pamoja na ndizi mbivu, avokado, maembe au nyanya, maana matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayoivisha, na dania ikiipata hugeuka njano upesi hata ikiwa umeitunza kama yai.

Mimi nilifanya hivyo hivyo na rehani, ile ya majani mapana tunayotia kwenye sosi ya nyanya. Niliiweka friji Alhamisi jioni, na Ijumaa asubuhi ikawa na madoa meusi kana kwamba imemwagiwa oili chafu. Dania iliyokuwa kando yake haikuwa na neno. — Mpishi wa hoteli ndogo, Section 58, Nakuru

Rehani ni mmea wa nchi za joto na haujui baridi. Chini ya nyuzi 10 hadi 12, utando wa seli zake huharibika, maji ya ndani huvuja na jani huwa jeusi. Friji yako ina nyuzi 4. Dania, pasli, thaimu na rozmari hustahimili baridi hiyo bila shida, ndiyo maana dania yako haikuugua.

Rehani isimame mezani kwenye glasi yenye maji, mbali na jiko na mbali na jua la moja kwa moja. Maji yabadilishwe kila siku, kwa sababu nje ya friji bakteria huzaana haraka. Angalia pia usiiache dirishani usiku: Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai kioo cha dirisha peke yake kinatosha kuifanyia yale yaliyofanywa na friji. Itakaa siku saba hadi kumi. Mara nyingi, katika muda huo, mashina yataota mizizi myeupe ndani ya maji, na hapo usiitupe. Ipande kwenye mkebe wenye matundu chini, usiache kuikata vichwa kila inapotaka kutoa maua, na hutainunua tena kwa muda mrefu.

Kwa hoteli, ambako unanunua nyingi kwa mpigo, ziada isagie. Chovya majani kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 10 hadi 15, yatoe uyaingize mara moja kwenye maji ya barafu, yakamue. Hatua hii huua vimeng'enya vinavyoyafanya meusi. Kisha saga vikombe 2 vya majani na robo kikombe cha mafuta, ugandishe kwa vipimo vya kijiko kimoja kimoja. Sosi haitajua tofauti. Saladi itajua, kwa hiyo ya saladi ibaki ile ya kwenye glasi.

Nauza smokie na mayai ya kuchemsha kwa kachumbari. Sina friji. Asubuhi nakata dania yote ya siku, na saa tisa alasiri imekuwa kama majani ya chai. Nikiloweka kwenye maji inabaki kijani lakini wateja wanasema haina harufu. — Kijana wa mkokoteni, Nyalenda, Kisumu

Kaka, kila unapolikata jani unafungua maelfu ya vidonda, na harufu inatokea hapo. Ile harufu ya dania inayomvuta mteja barabarani ni mafuta mepesi yanayopaa hewani. Ukikata yote saa mbili asubuhi, kufikia adhuhuri yameshapaa, na ukiloweka vipande unayaosha mwenyewe. Kwa hiyo usikate ya siku nzima. Dania nzima isimame kwenye chupa ya maji upande wenye kivuli wa mkokoteni, juu yake kitambaa chepesi cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa. Kata kiganja kimoja kila saa moja au kila kachumbari inapokwisha. Kisu kiwe kikali. Butu huponda, na palipopondwa huwa peusi kwanza.

Chumvi nayo usiitie kwenye bakuli zima mapema. Chumvi hutoa maji kwenye nyanya na vitunguu, na dania ikikaa kwenye supu hiyo inalainika. Kachumbari iliyokwisha kuchanganywa isikae nje zaidi ya saa mbili, na siku za jua kali la zaidi ya nyuzi 32, saa moja.

Jambo kubwa zaidi ni maji. Kachumbari haipiti motoni. Maji uliyooshea dania ndiyo mteja anayokula, pamoja na yale iliyonyunyiziwa sokoni, nawe unauza katika mji ambao kipindupindu kimebisha hodi zaidi ya mara moja. Osha kwanza kuondoa udongo, kisha suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Maji ya chumvi au ya ndimu hupunguza uchafu na wadudu, lakini hayafanyi maji machafu kuwa safi.

Kuhusu kuhifadhi ya kesho bila stima, wengi watakuambia habari ya vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga wa sentimita 3 hadi 5 unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Maji yakipenya chungu na kukauka hewani huondoka na joto. Ni kanuni ile ile inayofanya maji ya kwenye dapi, ule mtungi wa udongo, yawe baridi nyumbani kwa nyanya. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nigeria, ndiye aliyeeneza vyungu hivi kwa wakulima miaka ya 1990, lakini alivieneza kaskazini mwa Nigeria, ambako hewa ni kavu. Kisumu kando ya ziwa hewa imejaa unyevu, hasa Aprili na Mei, na maji hayakauki upesi, kwa hiyo baridi yake ni kidogo. Januari na Februari vitakusaidia, na Nakuru vitasaidia zaidi. Ukivinunua, visiwe vimepakwa rangi wala vanishi, vinginevyo maji hayapenyi. Viweke kivulini panapopita upepo. Ukiviweka ndani ya chumba kilichofungwa umejitwisha udongo bure.

Nina kichaka cha rozmari mlangoni na dania nyuma ya nyumba. Nilikausha zote mbili. Rozmari ilishika kuvu ndani ya chupa, dania ikakauka vizuri lakini haina ladha yoyote. — Mwalimu, Lurambi, Kakamega

Mwalimu, ulikosea mara moja tu. La dania si kosa lako, ni asili yake. Mafuta yake ni mepesi mno na huondoka pamoja na maji, unabaki na nyasi. Pasli ni vivyo hivyo kwa kiasi kikubwa. Dania ya ziada igandishe au iache itoe mbegu, ambazo zenyewe hukauka vizuri na ni kiungo kamili cha pilau. Yanayokaushika ni yale ya majani magumu: rozmari, thaimu, oregano, sage na majani ya bay.

Rozmari yako ilishika kuvu kwa sababu iliingia chupani kabla haijakauka. Kakamega mvua hunyesha karibu kila alasiri msimu wa masika, na jani linalokatika vizuri saa sita huwa limeshanyonya unyevu tena saa kumi na mbili. Vuna asubuhi umande ukishakauka. Funga vitawi 5 au 6 tu kwa fungu, tena kwa mpira badala ya uzi, maana mashina yakikauka husinyaa na uzi hulegea, fungu likaanguka. Ning'iniza vichwa chini, kivulini, panapopita hewa. Jua hufifisha rangi na kupaisha harufu. Juu ya meko ya kuni pia pasahau, labda kama unataka nyama yako ionje moshi wa jana. Wiki moja hadi mbili zitatosha hali ya hewa ikiwa nzuri.

Ikiwa si nzuri, maliza kwa joto. Ovena nyingi za gesi hapa nchini haziwezi kushuka hadi nyuzi 50 zinazofaa, basi iwashe dakika tano, uizime, ingiza trei yenye majani, mlango uache wazi kidogo. Ikipoa rudia. Mara tatu au nne zinatosha. Mwenye maikrowevu atandaze majani kati ya karatasi mbili za tishu, awashe dakika 1, atazame, kisha aendelee kwa sekunde 20 au 30 kila mara. Asiondoke, kwani majani makavu yanaweza kushika moto mle ndani.

Kipimo: shina livunjike kwa mlio, lisipinde. Jani lisagike kati ya vidole. Kisha tia kwenye chupa ya glasi, ufunge, na kwa siku tano au sita za kwanza uikague kila asubuhi. Ukiona hata mvuke kidogo upande wa ndani wa glasi, mwaga majani yote kwenye trei ukaushe upya. Ukiona kuvu, tupa yote. Usichague mazuri kati ya mabaya. Chupa ikae kabatini penye giza, mbali na jiko, na utumie ndani ya mwaka. Kwenye kupika, kijiko kimoja kidogo cha majani makavu kinachukua nafasi ya vijiko vitatu vidogo vya mabichi.

Natengeneza mafuta yenye rozmari mbichi, pilipili na vitunguu saumu, natia kwenye chupa nzuri za glasi. Marafiki wameyapenda na nataka kuanza kuyauza. Yanaweza kukaa kwenye rafu ya duka muda gani? — Mfanyabiashara mchanga, Kanduyi, Bungoma

Hata siku moja, dada. Kwenye hili hatutakulainishia neno.

Udongo una vijimbegu vya bakteria iitwayo Clostridium botulinum, na vitunguu saumu na majani yanayoota karibu na ardhi huvibeba. Vikiwa hewani havidhuru. Lakini mafuta huzuia hewa, saumu na majani mabichi yana maji na hayana asidi ya kutosha, na rafu ya duka ina joto. Hapo vijimbegu huamka na kutoa sumu inayolegeza misuli ya mwili. Mtu huanza kuona vitu viwili viwili, kope huanguka, ulimi huwa mzito, halafu misuli ya kupumulia hushikwa. Dalili kama hizo ni za kukimbiza hospitali saa hiyo hiyo. Kibaya zaidi ni kwamba mafuta yenyewe hayabadiliki rangi, harufu wala ladha. Mteja hana namna ya kujua, na wewe pia huna. Kuchemsha chupa hakuondoi hatari, kwani vijimbegu hivi hustahimili maji yanayochemka.

Ya kutumia nyumbani, tengeneza kidogo, weka friji mara moja, yaishe ndani ya siku 4. Kisichokwisha kigandishe. Usiyaache mezani kwa ajili ya kupendezesha wageni.

Kama unataka bidhaa ya rafuni, hamia kwenye siki. Siki nyeupe yenye asidi ya asilimia 5 haiwapi bakteria hawa nafasi. Chemsha chupa kwenye maji dakika 10. Osha vitawi vya rozmari au thaimu, vikaushe kabisa, tia vitatu au vinne kwa kila nusu lita. Pasha siki moto mpaka karibu ichemke, mimina, funga, weka penye giza wiki tatu hadi nne, kisha chuja na utie kwenye chupa safi. Kitawi kimoja kipya unaweza kukitia kwa ajili ya sura. Mfuniko usiwe wa chuma tupu, siki itaula. Na kabla ya kupeleka dukani, pitia KEBS, shirika la viwango la Kenya, uombe alama ya ubora. Duka litakuuliza, na ni heri likuulize ukiwa nayo.

Mtaani kwetu stima hupotea kila mara. Je, kuna haja ya kugandisha dania? — Milimani, Kisumu

Ipo, na kugandisha kunastahimili stima kuliko friji ya kawaida. Friji isiyofunguliwa hubaki baridi kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa hushikilia barafu hadi saa 48, na iliyojaa nusu, hadi saa 24. Kwa hiyo jaza nafasi tupu kwa chupa za maji, na stima ikienda, zuia watoto wasifungue fungue mlango.

Kata dania ndogo ndogo pamoja na mashina yake laini, ambayo yana ladha kuliko majani. Jaza kila shimo la trei ya barafu hadi theluthi mbili, mimina maji au mafuta ya kupikia yafunike majani, ugandishe usiku kucha. Ya maji ni ya supu na mchuzi. Ya mafuta unayakaangia kitunguu moja kwa moja. Asubuhi bandua, hamishia kwenye mkebe wenye kifuniko, andika tarehe. Kila kipande ni takriban kijiko kimoja kikubwa. Tumia ndani ya miezi mitatu, na usikiyeyushe kwanza, kitumbukize sufuriani kikiwa jiwe dakika za mwisho za mapishi. Kwa kachumbari hakifai, jani lililoganda halirudi kuwa gumu.

Kuna ujanja mmoja kwa wanaosafiri. Gandisha glasi ya maji kwenye friza, na juu ya barafu weka sarafu ya shilingi. Ukirudi ukaikuta juu, hakuna kilichoyeyuka. Ukiikuta katikati au chini, barafu iliyeyuka ikaganda tena ulipokuwa haupo, na vile vipande vya mafuta uvitupe pamoja na nyama.

Mchaichai wangu wa chai unakauka ncha upesi. Na mnanaa je? — Chavakali, Vihiga

Mchaichai unaotaka kuweka ukate karibu na shina, ondoa majani makavu ya nje, kunja kwenye kitambaa kibichi kidogo, friji, wiki mbili. Zaidi ya hapo kata vipande vya sentimita 5 ugandishe. Hata miezi sita utatoa chai nzuri. Mnanaa ufanye kama dania kwenye chupa ya maji. Ukiacha vitawi viwili mezani vitaota mizizi, lakini uvipande ndani ya ndoo kuukuu, kwa maana mnanaa ukiachiwa shamba hautakuachia.

Nimechoka kununua dania ya shilingi kumi kila jioni. Naweza kuiotesha kwenye gunia? — Bahati, Nakuru

Unaweza, na hakuna friji inayoishinda dania iliyo bado mchangani. Gunia la kimo cha sentimita 30 linatosha, udongo sehemu mbili kwa samadi iliyooza sehemu moja. Kila punje ya dania ina mbegu mbili ndani, basi ibingirishe kidogo chini ya chupa mpaka ipasuke vipande viwili, bila kuisaga. Loweka usiku mmoja, panda kina cha sentimita 1, funika kwa nyasi kavu. Itachipua kati ya siku 7 na 14, mara nyingi wakati umeshaikatia tamaa. Ondoa nyasi hapo hapo ikichomoza.

Usiihamishe ikiwa mche, dania huchukia kuguswa mizizi. Ikipata joto kali au kiu hukimbilia kutoa maua, na ikishatoa maua majani huwa membamba na machungu, kwa hiyo jua la asubuhi tu linaitosha. Ndugu zetu wa Kisumu waipe kivuli zaidi. Panda kipande kingine cha gunia kila baada ya wiki tatu, la sivyo utakuwa na nyingi mwezi mmoja na kapa mwezi unaofuata. Baada ya kama wiki sita anza kuvuna mashina ya nje kwa mkasi, ukiacha moyo wa katikati uendelee, na usichukue zaidi ya theluthi moja ya mche kwa mara moja.